Nyumba ya gesi au nyumba ya umeme? Shemeji anataka kununua, na mi nimemwambia hivi

Shemeji yangu, mume wa dada mkubwa, ana hela ya nyumba moja na mbele yake ziko nyumba mbili, zote pembeni ya Kampala, Uganda. Moja iko Seeta, njia ya kwenda Mukono, na ndani kila kitu ni gesi: koka ya meko manne, heta ya gesi ya maji ya kuoga, na nyuma ya jikoni kuna kijumba cha waya chenye mitungi miwili ya kilo 45. Nyingine iko Kira, hiyo ni umeme mtupu: koka ya umeme, shawa mbili za instanti, zile zinazopasha maji kwa umeme palepale, na soketi kila kona. Bei zinakaribiana, vyumba ni vitatu vitatu, ua wa Seeta ni mkubwa kidogo. Kaka yake anaishi Minnesota, Marekani, na juzi alimpigia simu akamwambia chukua ya gesi bila kufikiri mara mbili, manake umeme utakumaliza. Basi shemeji akaja kwangu na daftari, akaniuliza, "Shem, wewe ungechukua ipi?" Tulikaa mpaka chai ikapoa, na kwa vile najua kuna wengi wanaohangaika na swali hili naona heri niandike yote.

Nianze na huyo kaka wa Minnesota, manake haongopi, ila anaongea ya kwake. Kule baridi inashuka mpaka chini ya nyuzi ishirini hasi, na nyumba nzima lazima ipashwe joto miezi mingi mfululizo, si jikoni tu. Wengi wana fanesi, yaani tanuri kubwa la gesi ambalo mara nyingi linakaa chini ya nyumba, linachoma gesi asilia na kusukuma hewa moto kwenye vyumba vyote. Gesi yenyewe inafika kwa bomba kutoka barabarani, ina mita kama ya maji, hakuna mtungi wala boda. Fanesi nzuri za siku hizi zinaingiza ndani zaidi ya asilimia 90 ya joto la gesi. Ukipasha nyumba hiyohiyo kwa heta za umeme za koili, bili inaweza kufika mara tatu, kwa sababu kule yuniti ya umeme ni ghali sana ukiilinganisha na joto lilelile kutoka kwenye bomba. Hata hivyo kuna kitu wanakiita hiti pampu, ambacho hakitengenezi joto bali kinalihamisha kutoka nje kulileta ndani, na kwa yuniti moja ya umeme unaweza kupata joto la yuniti mbili au tatu, kwa hiyo hata kwao hadithi ya umeme ni ghali inabadilika polepole. Lakini kwa fanesi na koili, kaka yuko sahihi.

Shida ni kwamba neno ni moja, gesi, lakini vitu ni viwili. Ile yao ni gesi asilia, hasa methani, inatoka ardhini na kupita kwenye bomba. Yetu hii ya mtungi ni LPG, propani na butani, na hapa Uganda yote inaagizwa kutoka nje, inashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam halafu inapanda kwa malori mpaka huku, kila kilomita ina gharama yake na dola ikipanda nayo inapanda. Watanzania wana gesi asilia yao, Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na Dar kuna nyumba zinazopikia gesi ya bomba kabisa, kwa hiyo Mtanzania akikwambia gesi ni rahisi msikilize vizuri anaongelea ipi. Sisi bomba hatuna. LPG ya kwetu wenyewe kutoka mafuta ya Bunyoro, magharibi mwa nchi, iko kwenye mipango, lakini shemeji ananunua nyumba leo na leo atakula.

Sasa hesabu, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu ndo penye utamu.

Kilo moja ya LPG ina joto la karibu yuniti 12.8 ukilipima kwa lugha ya mita ya umeme. Mtungi wa kilo 13 basi una kama yuniti 166. Lakini moto wa gesi unapiga chini ya sufuria na mwingine mwingi unapita pembeni kwenda kupasha jikoni, wewe mwenyewe ukisimama hapo unaona jasho linakutoka, kwa hiyo linaloingia kwenye chakula ni kama nusu na kidogo, tuseme asilimia 55. Yaani kwenye mtungi mzima umekula yuniti kama 90 za joto la kweli. Jiko la umeme la koili linaingiza kama asilimia 70, na la induksheni, lile la kioo ambalo linapasha sufuria yenyewe, kama 85. Kwa hiyo kazi ya mtungi mmoja wa kilo 13 unaweza kuifanya kwa yuniti 129 za koili au yuniti 106 za induksheni.

Bei sasa. Gesi tuweke shilingi 10,000 kwa kilo, wewe weka ya dukani kwako, mtungi unakuwa laki na elfu thelathini. Umeme wa nyumbani hapa kwetu una ngazi, na katikati ya mwaka 2025 zilikuwa hivi: yuniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja, kuanzia ya 16 mpaka ya 80 ni bei ya kawaida, ambayo ilikuwa 756 na senti, halafu kuanzia ya 81 mpaka ya 150 inashuka mpaka 412, hiyo wameiita bei ya kupikia, kisha ukipita 150 unarudi kwenye ile ya kawaida. Juu ya yote weka VAT asilimia 18. Wengi hawaijui hii bei ya kupikia kabisa! Watu wana Yaka, ile mita ya kununua umeme kabla ya kuutumia, miaka nenda miaka rudi, wananunua ya elfu tano elfu tano, hawajawahi kutazama ngazi zinavokwenda.

Ukipikia induksheni kwa bei ya kupikia, kazi ya mtungi mmoja inakugharimu kama elfu 51 na mia tano. Kwa bei ya kawaida, bila punguzo lolote, ni kama elfu 94 na mia tano. Koili kwa bei ya kawaida ni kama laki na elfu 15. Gesi, laki na thelathini. Yaani umeme unashinda hata pale unapokuwa ghali, na ukitaka gesi ifikie induksheni ya bei ya kawaida itabidi kilo ishuke mpaka kama 7,270, na ifikie ile ya bei ya kupikia kilo iwe chini ya elfu nne. Shemeji aliandika namba hizi halafu akanyamaza, akazungushia duara ile elfu nne.

Lakini ngoja, usikimbilie Kira bado, manake kuna mtego na unakaa bafuni.

Ile shawa ya instanti inakula kilowati tano na nusu. Mtu mmoja akioga dakika kumi ameshakula karibu yuniti moja. Familia ya watu watano, kila siku mara moja, hiyo ni yuniti 4.6 kwa siku, yuniti kama 137 kwa mwezi, na hujawasha taa, friji wala pasi. Unaona kinachotokea? Zile yuniti 70 za bei ya kupikia zinaishia kwenye maji ya kuoga, na chakula chote kinapikwa kwa bei ya juu. Ndo maana watu wanasema wamejaribu kupika kwa umeme wakaona Yaka inakimbia kama maji, kumbe wala si jiko, ni vijana wanaimba bafuni nusu saa.

Kwa maji ya moto gesi na umeme ni ngoma droo kwa kweli. Nilipiga hesabu hiyohiyo ya yuniti 137, heta ya gesi inatumia joto vizuri kuliko jiko la gesi, asilimia 80 na kitu hivi, utamaliza karibu mtungi wa kilo 13 kwa mwezi, kama laki na elfu 26. Umeme wa bei ya kawaida na VAT, laki na elfu 22. Hapo bei haikuamulii chochote. Kinachoshinda wote wawili ni jua. Tangi la sola la lita 200 juu ya paa, sisi tuko juu ya ikweta paa lolote linaona jua, ukiweka mara moja umeweka, siku ya mawingu unawasha koili yake ya akiba. Linakula milioni kadhaa mwanzoni, sikatai, lakini kwa anayenunua nyumba ya kukaa miaka ishirini hiyo ndo hela ya kwanza ningeitenga kabla ya geti na kabla ya rangi. Kama huna hiyo hela, basi oga dakika nne. Watu watano kwa dakika nne nne ni yuniti 55 kwa mwezi badala ya 137, na bei ya kupikia inabaki jikoni mahali pake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko bei zote hizo, na ndilo lilinifanya nimwambie shemeji aelekee Kira, ila kwa masharti. Nyumba ya umeme unaweza kuiongezea gesi siku yoyote. Unanunua meko mawili, mtungi, regyuleta na mpira, fundi anatoboa tundu moja ukutani mtungi ukae nje, mchana mmoja kazi imekwisha. Lakini nyumba iliyojengwa kwa kutegemea gesi, kuigeuza iwe ya umeme ni kupasua kuta. Waya hazitoshi, boksi la breka ni dogo, jikoni kuna soketi mbili za chai. Gesi inahamishika, waya zimezikwa.

Najua hili kwa sababu limenikuta. Nyumba ninayokaa niliinunua ikiwa imeshamalizwa, na muuzaji alinionyesha shawa za instanti kwa fahari, maji yanatoka moto kweli. Miezi mitatu baadaye tukaanza kusikia harufu kama ya samaki kwenye korido, asubuhi tu. Tukadhani ni jirani anaanika mukene, wale dagaa. Tukafungua madirisha, tukapiga deki, harufu ipo. Siku moja mwanangu akagusa ile swichi kubwa yenye taa nyekundu nje ya bafu akasema baba hii ina homa. Nikazima breka kuu, nikafungua skrubu mbili: plastiki ya nyuma imekuwa rangi ya kahawia kama chapati iliyosahaulika, waya mmoja ngozi yake imekauka inamomonyoka mkononi, na shaba ndani imekuwa nyeusi. Fundi aliyejenga alipitisha waya wa milimita 2.5, ule wa soketi za kawaida, kwenye shawa inayovuta ampea 23. Waya wa hivyo unatakiwa angalau 4, na mimi sasa nasema 6 ndo ulale usingizi, na breka yake peke yake. Tulipasua ukuta kutoka bafuni mpaka kwenye boksi, rangi, plasta, fundi mpya, jumla ikapita laki nane. Na hiyo harufu ya samaki naomba uikumbuke, plastiki ya umeme ikiungua mara nyingi inanuka hivo, ukiisikia kwenye nyumba unayoenda kutazama usiulize jirani anapika nini.

Kwa hiyo kwenye nyumba ya Kira tunataka kuona waya kabla ya vigae. Koka ya umeme ikiwashwa meko yote na oveni inaweza kupita kilowati sita, ongeza shawa moja, tayari uko karibu na ampea 48 kwa mpigo. Je, laini inayoingia inabeba? Boksi lina breka ya koka peke yake na za shawa peke yake? Kuna ile breka inayokata umeme ukivuja, na waya wa erthi umeshuka kweli ardhini au umekatwa kwenye plasta? Maji na umeme vinakaa pamoja bafuni, hapo hakuna cha kubahatisha. Muuzaji akikwambia fundi wake alikuwa mzuri mwambie asante, halafu ita fundi wako mwenye leseni afungue swichi mbili tatu mbele yako.

Seeta nako tulikwenda, na nyumba ni nzuri sisemi uongo. Kile kijumba cha mitungi kimekaa vizuri, nje, kina hewa, kina kufuli. Lakini heta ya gesi wameifunga ndani ya bafu lenyewe. Bafu dogo, dirisha la kioo lisilofunguka vizuri, na hakuna bomba la kutoa moshi nje. Nilimshika shemeji mkono nikamtoa humo. Moto wa gesi ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, na damu inaikumbatia mara mia mbili kuliko inavoikumbatia oksijeni, mtu anaanza kusikia kizunguzungu anadhani ni uchovu, anakaa chini, na mlango ameufunga kwa ndani kwa sababu anaoga. Heta ya gesi inafungwa nje ya ukuta au inakuwa na bomba lake la kutoa moshi, basi. Ukikuta iko bafuni bila bomba, hata kama unaipenda nyumba, gharama ya kuihamisha iandike kwenye bei kabla ya kuweka saini.

Halafu LPG yenyewe ina tabia ambayo ile ya Minnesota haina. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu na kutafuta tundu. LPG ni nzito, inashuka, inalala sakafuni kama maji, inajaa chini ya kabati na kusubiri cheche. Ndo maana mtungi unakaa nje, na kama lazima ukae ndani basi jikoni kuwe na matundu ya hewa chini kabisa karibu na sakafu, siyo juu tu. Dada yangu ana mazoea ambayo ningependa kila nyumba iwe nayo: kila mtungi mpya ukifungwa anachovya sponji kwenye maji ya sabuni, anaikamulia kwenye shingo ya mtungi na kwenye maungio ya mpira, halafu anainama kabisa uso karibu, anahesabu kimyakimya. Povu likitulia, anawasha. Povu likianza kupumua, hata kapovu kamoja, anafunga na kuita fundi. Na ukisikia harufu usiguse swichi, si ya kuwasha si ya kuzima, fungua mlango, funga mtungi, toka nje.

Jingine la gesi ni mizani. Shingoni mwa mtungi pameandikwa uzito wa chuma kitupu, jumlisha na kilo za gesi, halafu dai upimiwe pale dukani mbele ya macho yako. Duka likikosa mizani nenda lingine. Kilo moja iliyopungua ni elfu kumi imepotea na hesabu yangu yote ya juu inazidi kuiumiza gesi.

Lakini nisiionee gesi, manake nyumba ni mapishi na mapishi yana wenyewe. Mi nilipomweleza dada kuhusu induksheni, swali lake la kwanza halikuwa la bei. Aliuliza, "Na sufuria zangu?" Akanigusa penyewe. Sufuria zetu nyingi ni alumini, na induksheni haiitambui alumini, unaweka sufuria jiko linapiga kelele tu halipashi. Lazima chuma au stili, kitu sumaku inakishika, kwa hiyo kuhamia induksheni ni kununua na vyombo. Posho, yaani ugali, ya watu wanane, ukiisonga kwa nguvu zote juu ya kioo sufuria inacheza, wakati meko ya gesi yana vyuma vya kuishika. Matoke ya kufunga kwenye majani, yale yanayokaa saa mbili tatu kwa mvuke kwenye sufuria kubwa ya duara, kwenye gesi au sigiri ya makaa yanakaa bila wasiwasi, kwenye kioo chenye duara dogo hayakai. Na chapati, mpishi anataka kuuona moto na kuupunguza kwa kidole, mi nakubaliana nae kabisa.

Upande wa pili maharage. Maharage makavu kwenye gesi ni saa mbili na zaidi, moto unaimba na hela inakwenda. Presha kuka ya umeme, ile yenye mfuniko wa kufunga, inayameza chini ya saa moja na ukitazama Yaka kabla na baada utakuta imekula kama nusu yuniti. Nimepima kwangu mara nyingi, maharage, makongoro, zote hivohivo. Chombo hicho kimoja kimenibadilishia matumizi kuliko kitu kingine chochote jikoni, na hakidai waya mnene, soketi ya kawaida yenye hali nzuri inatosha. Hata ukichukua nyumba ya gesi, kinunue.

Kukatika kwa umeme sasa, manake najua mtu ameshaniuliza hilo moyoni. Umeme wenyewe nchi inao, bwawa la Karuma peke yake ni megawati 600 na ilizinduliwa rasmi Septemba 2024, ongeza Bujagali na Isimba na lile bwawa la zamani la Jinja la mwaka 1954. Kinachotusumbua ni nguzo na transfoma za mitaani. Umeme Limited, kampuni iliyokuwa inasambaza umeme, walimaliza mkataba wao mwisho wa Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, wakachukua usambazaji, lakini transfoma iliyofungwa wakati mtaa una nyumba ishirini, leo zipo mia, inachoka ileile jioni. Kwa hiyo gesi kwenye nyumba ya umeme si anasa, ni lazima uwe na mtungi mdogo wa kilo 6 na jiko lake, uji wa mtoto hausubiri nguzo isimamishwe. Ila mtungi wa akiba ni tofauti na kuendesha nyumba nzima kwa gesi, huo mdogo unaweza kukukalia miezi.

Shemeji aliniuliza pia habari ya kupasha nyumba, kwa sababu mama yake yuko Kabale na wanafikiria kumjengea. Kabale iko juu, karibu mita elfu mbili, usiku unashuka mpaka nyuzi kumi hivi na mzee analala na sweta mbili. Huko ndiko swali la Minnesota linatugusa kidogo. Hapo sina mjadala: heta ya umeme, ile ya mafuta yenye mapezi kama redieta ya gari, inakaa kimya chumbani haina moto wala moshi. Ya kilowati moja na nusu ukiiwasha kwa muda wa saa tatu kabla ya kulala ni yuniti nne na nusu zikizidi sana, halafu unazima, na kama chumba kina dari, mapazia mazito na mlango umezibwa chini, joto linakaa. Heta ya gesi ya kubeba chumbani kwa mzee anayelala madirisha yamefungwa, hapana. Na sigiri ya makaa chumbani, naomba kwa kweli, hapana kabisa, ile kaboni monoksidi niliyosema ya bafuni makaa yanaitoa zaidi, na kila msimu wa baridi kuna familia inalala na haiamki. Kama kuna mzee wako kule juu anaingiza sigiri chumbani usiku, mpigie leo.

Basi nilimwambia shemeji hivi. Chukua Kira ikiwa waya zimepita mtihani, ondoa shawa moja weka sola, koka ya umeme iliyopo itumie mpaka ife ndo ununue induksheni, na siku ya kwanza mpelekee dada meko mawili ya gesi kwa ajili ya chapati na matoke. Seeta ichukue tu kama muuzaji atashusha bei ya kutosha kuhamisha heta na kuvuta waya mpya jikoni, na si ya kukadiria, fundi aandike namba kwenye karatasi.

Na mambo mawili ya mita, kwa nyumba yoyote ile. Nenda usiku, kati ya saa moja na saa tatu, wakati mtaa mzima unapika, washa vitu vyote uone kama taa zinafifia. Na nunua tokeni kwa simu yako muuzaji akiwa amesimama hapo, uingize zile namba ishirini mwenyewe, uone yuniti zinazoingia zinalingana na hela uliyotoa, kwa sababu mita inaweza kuwa na deni la mtu ambalo litakuwa linakatwa kwako. Ukishahamia, umeme wa mwezi mmoja ununue ndani ya mwezi huohuo, ngazi za bei zinahesabu ulichonunua kwenye mwezi na tarehe moja zinaanza upya, kwa hiyo ukigawanya vibaya hutaifikia bei ya kupikia.

Jumamosi hii saa mbili usiku tunakwenda Kira. Muuzaji amekubali. Dada anakuja na sufuria yake kubwa ya matoke na kilo ya maharage, amesema hanunui jikoni ambayo hajaipikia, shemeji atafungua maji ya shawa zote mbili, fundi atakuwa kwenye boksi la breka, na mi nitakaa mlangoni na tochi naangalia kile kitaa chekundu cha mita.